Ukuta Uliovuta Pumzi

Kila siku, ikifika saa nne asubuhi, kipima hewa namba kumi na saba kilianza kushusha tarakimu zake. Hakikushusha kwa kishindo. Kilishusha polepole, nukta kwa nukta, na ilipofika saa kumi alasiri kilikuwa kimefika chini kabisa, halafu kikageuza na kuanza kupanda. Asubuhi ya pili ukikitazama, kinasoma oksijeni asilimia ishirini nukta tisa, hewa safi kama ya uwanjani, utadhani jana hakikusema neno.

Vipima vyenzake thelathini na moja havikuwa na tabia hiyo. Vilifungwa katika mahandaki ya mgodi mzima, visanduku vya njano vyenye ukubwa wa tofali, kila kimoja kikivuta hewa kidogo, kuipima, na kupeleka jibu kwa waya hadi kwenye skrini ya chumba cha uangalizi kule juu. Skrini hiyohiyo ilionyesha kila mchimbaji alipo, kwa sababu kila kofia ngumu ilikuwa na kadi ndogo inayotoa ishara. Mtu aliyekaa kitini aliweza kujua nani yuko wapi na anavuta hewa gani. Miezi miwili tu nyuma watu walishuka chini wakipima hewa kwa pua zao.

Aliyevifunga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyesomea umeme kisha akahamia kwenye hewa. Wachimbaji walimwita Fundi Hewa. Mwanzoni ilikuwa dhihaka, maana waliona kichekesho mtu mzima kubeba bisibisi na koleo kwenda kutengeneza kitu kisichoonekana. Baadaye jina likazoeleka, hata mume wake akalichukua akaenda nalo nyumbani.

Namba kumi na saba ilikuwa ngazi ya tatu, mita mia tatu chini ya ardhi, ndani ya kichochoro kilichochepuka kutoka handaki kubwa na kuishia mwambani baada ya hatua ishirini. Kazi ya kuchimba humo ilikwisha zamani. Wachimbaji walikiita Hotelini, kwa kuwa ndimo walimokula chakula cha mchana na kujinyoosha kidogo. Palikuwa na ubaridi, hapakuwa na vumbi, na kelele za mashine zilifika zimechoka. Waliweka mabenchi mawili ya mbao na ndoo ya maji yenye mfuniko. Wengi walitoka humo na vichwa vizito, wakalaumu chakula.

Huenda Fundi Hewa angekibadilisha kifaa kile na kuendelea na mengine, kama si kaka yake.

Kaka yake alikuwa dereva wa mashine ya kuchoronga miamba, na wote walimwita Keekee, jina la kifaa cha kutobolea, kwa kazi yake na kwa sauti yake pia. Miaka kumi na tisa mgodini, hakuna aliyewahi kumwona akisinzia. Lakini alasiri moja msimamizi wa zamu aliingia Hotelini akamkuta peke yake kwenye benchi, kidevu kifuani. Akamwita. Akamtikisa. Akamtikisa tena. Mwishowe ikabidi amshike makwapani na kumburuta hadi handaki kubwa, na huko ndiko Keekee alikofumbua macho, akiuliza kwa nini viatu vyake vina matope. Kesho yake alipewa barua ya onyo: kulala kazini. Aliikunja mara nne, hakumwonyesha mke wake. Alimwonyesha dada yake.

"Mdogo wangu, mimi usingizi naujua," alimwambia. "Usingizi unabisha hodi. Macho yanauma, unapiga miayo, unajikaza. Huu haukubisha hodi."

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa tisa imepita. Labda tisa na nusu."

Fundi Hewa alikwenda kwenye kompyuta akafungua kumbukumbu za siku ile. Saa tisa na dakika arobaini, namba kumi na saba ilisoma asilimia kumi na saba nukta moja. Chini ya kumi na tisa na nusu, mtu hapaswi kuwepo mahali hapo hata kwa kufunga kamba ya kiatu.

Akazichapisha kumbukumbu hizo, akaipeleka karatasi kwa msimamizi wa zamu, mwanaume wa miaka hamsini na kitu aliyeingia mgodini akiwa hajaota ndevu, mwenye maneno machache na kalamu isiyotoka nyuma ya sikio. Aliitazama karatasi kwa muda.

"Kifaa kibovu," akasema.

"Kimoja kati ya thelathini na mbili?"

"Trei ya mayai haikosi yai viza." Akatandaza ramani ya ngazi ya tatu mezani, akaweka kidole Hotelini. "Hapa mbele pana nini? Mwamba. Kulia mwamba, kushoto mwamba. Mwamba hauli oksijeni, Fundi."

"Ndiyo maana nataka kujua nani anaila."

Msimamizi hakucheka. Alikunja ramani haraka kuliko alivyoikunjua. "King'ora chake kizime, kinatupigia kelele huku juu kila alasiri. Funga mnyororo watu wasiingie. Kuchunguza, chunguza. Nakupa wiki mbili."

Akafunga mnyororo, akatundika kibao cha kukataza kuingia, wachimbaji wakanung'unika kwamba Hoteli imefungwa na mkaguzi wa afya. Kisha akaanza na jambo lililo rahisi kuliko yote. Alikitoa kipima namba kumi na saba, akakipeleka mwanzo wa handaki kubwa penye upepo wa feni, na mahali pake akaweka namba kumi na nane. Kama kifaa ni kibovu, ubovu utahama nacho.

Haukuhama. Namba kumi na saba, huko ilikokwenda, ilisoma vizuri kutwa nzima. Namba kumi na nane, iliyokuwa na sifa njema tangu itoke kwenye boksi, ilianza kuteremka saa nne asubuhi.

Basi kifaa hakikuwa na kosa; akavirudisha vyote viwili mahali pake. Alichukua daftari akaandika kila kinachobadilika mgodini kwa saa: feni kubwa, lifti, malori, baruti, zamu za watu. Feni ilizunguka usiku na mchana kwa mwendo mmoja, akaikata kwa mstari. Malori hayakufika upande ule. Baruti ililipuliwa saa kumi na mbili jioni, wakati tarakimu zinapanda. Walibaki watu, na pumzi zao. Lakini Jumapili mgodi ulifungwa, hakukuwa na nafsi hata moja ngazi ya tatu, na mchoro wa Jumapili ulitoka sawasawa na wa Jumamosi. Akafuta watu, na lifti yao pia. Orodha yote ikawa mistari mitupu.

Jumanne alishuka na kipima cha mkononi kiunoni, mtungi wa hewa mgongoni, na chupa laini ya poda ya watoto. Keekee alikuwa na mapumziko, akamfuata hadi kwenye mnyororo.

"Poda ya nini? Unakwenda kumwogesha nani?"

"Kaa hapo uangalie, kaka. Nuru yako ielekeze kwangu."

Ilikuwa saa tatu. Alisimama mwisho wa kichochoro, akaiminya chupa. Wingu dogo jeupe likatoka, likaning'inia katika mwanga wa taa za kofia zao. Kwa muda halikufanya kitu. Kisha likaanza kusogea, taratibu, kuelekea kwenye ukuta. Halikutawanyika. Lilijikusanya, likarefuka, likapita katikati ya matundu ya wavu wa chuma uliofunika ukuta, pembeni kushoto karibu na sakafu, likaingia kwenye ufa usiozidi upana wa ukucha. Likaisha.

Keekee aliinamisha taa yake hadi kwenye ufa.

"Rudia," Keekee akasema.

Akarudia. Poda ikaingia tena, kama inayonyonywa.

Keekee alirudi kwenye mashine yake, akaahidi kupita baadaye. Fundi Hewa akabaki, akiminya chupa kila baada ya robo saa na kuandika. Saa nne kasoro poda iliingia kwa uvivu. Saa nne na robo ilining'inia mahali pamoja, haikwenda wala haikurudi, na yeye akajikuta ameshika pumzi yake mwenyewe akiisubiri. Saa tano iligeuka. Wingu lilisukumwa nje ya ukuta, likamjia magotini, likaelea kuelekea handaki kubwa. Kipima cha kiunoni kikaanza kulia, akavaa barakoa ya mtungi wake.

Keekee alipopita mchana, naye kavaa barakoa, alimkuta dada yake kachuchumaa mbele ya ufa. Akavua glavu, akaweka kiganja.

"Inapuliza," akasema, sauti ikitoka nene kwenye barakoa. "Ina joto kidogo."

"Asubuhi ilikuwa inavuta."

"Unaniambia ukuta huu unapumua?"

"Sikuambii. Umeona mwenyewe."

Keekee alichomoa nyundo ndogo kiunoni, akagonga mwamba wa pembeni, kisha akagonga ukuta wa mbele. Akasikiliza. Akagonga tena. Maisha yake yote kazi yake ilikuwa kugonga mawe na kusikia yanasemaje.

"Mwamba ukiugonga unajibu palepale," akasema. "Huu umefikiri kwanza."

Walipotoka kwenye hewa nzuri na kuvua barakoa, alinusa glavu aliyokuwa ameiacha karibu na ufa. Ilinuka kabati la nguo ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Mbao zilizooza.

Sasa Fundi Hewa alijua kuna uwazi nyuma ya ukuta, na uwazi huo una mbao, na mbao zikioza hula oksijeni. Lakini hilo lilijibu swali moja tu. Kwa nini uvute asubuhi na kupuliza mchana? Nani anaupa saa? Jumamosi alichukua michoro ya siku kumi na mbili, akaitandaza juu ya meza ya chakula nyumbani, akaisimamia kama mpishi aliyesahau ameshatia chumvi au bado. Kila mchoro ulikuwa na kilima saa nne asubuhi na bonde saa kumi alasiri.

Mume wake alikuwa mwalimu wa jiografia, na hata mkewe alimwita Mwalimu. Aliingia na kikombe cha chai, akaitupia macho meza, akasimama.

"Fundi, na hii tumeanza lini? Kuingia kwenye mkoba wangu bila ruhusa."

"Mkoba gani?"

"Hii si michoro ya darasa langu?"

"Hii ni hewa ya mgodini, Mwalimu. Ngazi ya tatu."

Mwalimu aliweka kikombe chini, akaenda chumbani, akarudi na faili la kijani. Shuleni kwao kulikuwa na barometa, kifaa cha kupima uzito wa hewa inayotulalia kutoka angani, na wanafunzi wake walikisoma kila baada ya saa mbili na kuchora. Akatoa karatasi, akaiweka kando ya ya mkewe. Kilima saa nne asubuhi. Bonde saa kumi alasiri.

Fundi Hewa alikaa chini.

"Nieleze kama unavyowaeleza wanafunzi," akasema.

"Hewa iliyo juu yetu ni kama bahari. Inajaa na kupwa. Jua linaipasha moto, nayo inatikisika kila siku kwa saa zilezile. Saa nne asubuhi imejaa, inatukandamiza zaidi kidogo. Halafu inapwa mpaka saa kumi. Ni kiasi kidogo mno, mtu hawezi kukihisi. Wanafunzi huwa wanadhani nawatania."

"Mtu hawezi kukihisi," alirudia mkewe. "Lakini chupa kubwa yenye ufa ingekihisi."

Mwalimu alimwangalia, akaanza kutabasamu polepole. "Asubuhi hewa ya nje ni nzito, inaingia chupani. Mchana inapungua uzito, ya chupani inatoka."

"Na ikitoka, inatoka bila oksijeni."

Alitafuta tarehe ya siku Keekee alipoburutwa. Katika faili la kijani, siku hiyo bonde lilikuwa la kina kuliko siku nyingine zote za mwezi. Mwanafunzi mmoja aliandika pembeni kwa penseli: *mvua kubwa jioni*. Chai ya Mwalimu ilipoa mezani bila mtu kuikumbuka.

Jumatatu aliweka karatasi mbili, moja juu ya nyingine, mbele ya msimamizi wa zamu, akaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Mistari ililaliana. Akaeleza habari ya poda, ya nyundo, ya harufu. Alitegemea abishiwe, na alikuwa amejiandaa. Msimamizi alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaitazama, akairudisha.

"Ule ukuta," akasema, "niliujenga mimi."

Fundi Hewa alizishusha karatasi mezani.

"Nilikuwa msaidizi wa mwashi. Mgodi ulikuwa wa wenyewe wengine, kabla ya hawa wa sasa. Nyuma yake kuna machimbo ya zamani yaliyokwisha. Tuliambiwa tuzibe kwa siku mbili. Tukapanga mawe, tukapuliza zege, tukafunika kwa wavu, ukafanana na mwamba. Mgodi ulipouzwa, ramani za zamani hazikuja. Ilipochorwa mpya, mpimaji alifika pale akaona mwamba, akaandika mwamba."

"Na wewe?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika taa." Alipitisha kiganja usoni. "Hakuniuliza. Mimi ni kibarua, nitamsahihisha mpimaji? Mwaka ukapita, na mwingine. Jambo likishakaa hivyo, kulianza ni shida. Nikajisemea halina madhara. Mawe ni mawe."

"Ni makubwa kiasi gani, hayo machimbo?"

"Sijui. Tuliingia humo hatua chache tu na mwashi, tukageuza kabla hatujafika mwisho."

Siku hiyohiyo msimamizi aliandika taarifa kwa meneja kwa mkono wake, akajitaja. King'ora cha namba kumi na saba kikawashwa. Ikakubaliwa kwamba ukuta utatobolewa kwa utaratibu na kuwekewa bomba, mara vifaa vitakapofika.

Hali ya hewa haikusubiri vifaa. Alhamisi saa tatu asubuhi Mwalimu alimpigia simu mkewe kutoka shuleni.

"Fundi, leo barometa haijajaa kabisa. Tangu alfajiri inashuka tu. Miaka minane niko na kifaa hiki, sijawahi kuona mshale hapo ulipo. Naona mawingu yanakuja upande wa kusini, meusi."

Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi. Kwenye skrini namba kumi na saba ilisoma ishirini nukta moja. Hapakuwa na taa nyekundu popote.

"Nataka ngazi ya tatu iwe tupu kabla ya saa saba," akasema.

"Mbona inasoma vizuri?"

"Sasa hivi, ndiyo. Ukuta bado haujaanza kupuliza vizuri. Ukianza, leo hautaishia Hotelini, utamwaga mpaka handaki kubwa. Nakuomba tuondoe watu wakati bado wanaweza kutembea."

Msimamizi alitazama skrini, akatazama dirishani, ambako miti ilikuwa imetulia tuli. Kusimamisha ngazi nzima kwa sababu ya simu ya mwalimu wa shule ni jambo ambalo wiki moja nyuma angelicheka hata yeye asiyecheka. Alivuta kipaza sauti mwenyewe.

"Ngazi ya tatu, zimeni mashine. Wote kwenye lifti. Hakuna kukimbia."

Walishuka wote wawili kusimamia. Fundi Hewa alikaa penye lifti na mitungi ya akiba, Keekee akimsaidia. Juu, mwangalizi wa skrini alihesabu kwa redio kadi zilizobaki chini: arobaini na mbili, thelathini, kumi na nane. Watu walipanda kwa utani, wakiuliza kama ukuta umeamka vibaya leo. Saa sita na nusu lifti ilipanda na kundi la mwisho.

"Nimebakiwa na watatu," mwangalizi akasema kwenye redio. "Ninyi wawili penye lifti, na msimamizi. Msimamizi anaelekea upande wa pili."

"Upande gani?"

"Anaingia Hotelini."

Fundi Hewa alielewa mara moja. Kulikuwa na watu waliozoea kuruka mnyororo kwenda kujinyoosha, wakiacha kofia na kadi zake kwenye mashine, na msimamizi alikwenda kuhakikisha hakuna aliyelala humo. Akashika redio.

"Msimamizi, una mtungi?"

"Natupa jicho tu," sauti yake ilijibu, tulivu. "Hamna mtu. Natoka."

"Namba kumi na saba inasoma kumi na tano nukta nane," mwangalizi akasema.

"Natoka sasa hivi," msimamizi akasema.

Sekunde zikapita.

"Kadi yake imesimama," mwangalizi akasema.

"Msimamizi, uko wapi?"

"Natoka. Nipo njiani." Sauti ileile tulivu, ila sasa alikuwa anahema, kama aliyepanda ngazi ndefu.

"Fundi, kadi haijasogea hata hatua moja."

Keekee alishavaa barakoa. Walitembea haraka, bila kukimbia, kwa kuwa mkimbiaji humaliza mtungi upesi. Hatua thelathini kabla ya kufika, kipima cha kiunoni kilianza kulia, kwenye handaki kubwa, mahali ambapo hakijawahi kulia. Kichochoroni, katika mwanga wa taa zao, vumbi jepesi lilikuwa likipeperushwa kutoka ukutani, na wavu wa chuma ulitoa mlio mwembamba sana. Msimamizi alikuwa mwisho kabisa, amewapa mgongo, amepiga magoti. Viganja vyake vilikuwa vinapapasa wavu, kushoto kulia, juu chini, kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango.

Fundi Hewa alimvika barakoa ya akiba. Akajaribu kuivua, kwa adabu, akisema hahitaji, anatoka. Keekee akamshika makwapani na kumburuta.

Juu, mvua ilikuwa imeanza kunyesha kwa nguvu. Walimkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha taa, chini ya bati. Alikunywa maji, akasubiri kelele za mvua zipungue ndipo aseme.

"Nilikuwa nafuata ukuta kuelekea nje," akasema. "Nawaambia nilikuwa naenda. Niliona kabisa naenda." Akamgeukia Keekee. "Wewe siku ile ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu."

"Ndivyo. Hakuna kitu." Alizungusha kikombe mkononi. "Barua yako niliitoa kwenye faili tangu Jumatatu. Nilipaswa kukwambia siku hiyohiyo. Nilishindwa pa kuanzia."

Keekee alimwongezea maji kwenye kikombe.

Saa kumi alasiri hiyo, namba kumi na saba ilisoma kumi na mbili nukta nne. Handaki kubwa, mita sitini mbele, lilisoma kumi na sita, mahali ambapo siku ya kawaida husimama watu kumi na mmoja. Meneja alizichapisha tarakimu hizo kwenye karatasi, akaibandika mlangoni kwake kwa ndani, ili aione kila anapotoka.

Vifaa vilifika baada ya wiki mbili. Keekee ndiye aliyetoboa ukuta, asubuhi, wakati unavuta, naye alichoronga kwa upole ambao hakuna aliyejua anao. Wakapitisha bomba nene lenye valvu ya kudhibiti hewa, wakaliunganisha na njia ya hewa chafu inayopanda hadi nje, ili machimbo ya zamani yapulize yapendavyo bila kupitia mapafu ya mtu. Mpasuko wa chini ukazibwa. Chumba cha uangalizi kikapata barometa yake, iliyounganishwa na kompyuta. Ikianza kushuka kupita kawaida, skrini hugeuka rangi saa nyingi kabla hewa ya chini haijabadilika. Mwalimu alileta darasa zima kuitazama. Wanafunzi waliuliza maswali mengi kiasi kwamba mwangalizi aliomba waondoke aweze kufanya kazi.

Lakini kabla ya bomba kuunganishwa, Fundi Hewa aliomba siku moja. Alikuwa na kamera ndogo, nene kama kidole gumba, yenye taa zake, mwishoni mwa waya mgumu wa mita arobaini. Aliusukuma waya bombani huku wengine wamezunguka skrini ya mkononi: Keekee, mpimaji mpya wa ramani na penseli yake, na msimamizi, aliyeletewa kiti lakini hakukaa.

Kwanza palikuwa na giza. Kisha zikatokea nguzo za mbao, safu mbili, zimeota ukungu mweupe mnene kama pamba, mpaka zikaonekana laini. Reli nyembamba ilipita katikati na kupotelea mbele. Toroli moja lilikuwa limesimama juu ya reli, limejaa mawe, kama aliyekuwa akilisukuma amekwenda kunywa maji.

"Mbele kidogo, kulia kuna ngazi," msimamizi akasema.

Waya ukasogea. Palikuwa na ngazi.

"Pita. Halafu njia inapinda kushoto."

Ikapinda kushoto. Mpimaji alikuwa anachora kwa haraka, karatasi imelala kwenye paja. Msimamizi aliendelea kuwaongoza, sauti ikishuka kadiri walivyozidi kwenda: hapa tulikula, hapa paa lilikuwa linatoa maji, hapa mwashi aligeuza. Kamera ilipita mahali pa kugeuzia. Njia iliendelea, ikapanuka, na taa ndogo za kamera hazikuweza tena kugusa kuta. Kilichoonekana ni sakafu tu, kavu na safi, ikiteremka.

"Hapa sipajui," msimamizi akasema. Akavuta kiti, akakaa, akasogeza uso karibu na skrini. "Waya umebaki kiasi gani?"

"Mita sita," Fundi Hewa akasema.

"Sukuma."